Kuchota Umeme katika Betri ya Pikipiki

Katika bonde la Lumuma, upande wa magharibi wa wilaya ya Kilosa, mkulima wa vitunguu hangoji mvua peke yake. Maji ya mto huchepushwa kwenye banio, huingia katika mfereji mkuu, na kutoka hapo hugawanywa katika mifereji midogo hadi kwenye vijaruba vya kila mwenye shamba. Mkulima wa huko hahitaji kufundishwa darasani kwamba mfereji mwembamba haupewi maji ya mfereji mkuu. Alilijua jambo hilo siku alipoona kingo zikibomoka na miche ikisombwa. Anajua pia kwamba maji yakizidi shambani, mtu mwenye akili hakimbilii kuziba mwisho wa mfereji. Hukimbilia juu, kwenye lango, pale maji yanapoingilia.

Elimu hiyo ya mfereji ndiyo elimu anayoihitaji kijana mwenye pikipiki anayetaka kuchaji simu yake kwa betri ya chombo chake. Haja yenyewe ni ya kweli. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza nchini Tanzania mwaka 2008, simu ya mkononi imekuwa pochi, daftari la wateja na tangazo la biashara kwa wakati mmoja. Mwendesha pikipiki ambaye simu yake imezimika ni kama duka lililofungwa. Mkulima humpigia mwingine aje kuchukua gunia, na abiria humtafuta mwingine. Ni kweli kwamba umeme wa gridi umesambaa sana vijijini katika miaka ya karibuni, na kwamba tangu mwaka 2024 treni zinazovutwa kwa umeme wa volti 25,000 hupita Kidete, katika wilaya hiyo hiyo ya Kilosa. Lakini nguzo za umeme haziendi mashambani, wala hazimfuati mtu njiani. Aliye juu ya pikipiki hana umeme mwingine ila volti 12 zilizo chini ya kiti chake.

Kwa hiyo hununua tundu la USB dukani, humpelekea fundi, na nyaya mbili hufungwa kwenye betri. Aghalabu kazi huisha kwa dakika kumi, na simu huanza kuchaji palepale. Hapo ndipo ulipo mtego. Waya uliofungwa vibaya hufanya kazi sawasawa na uliofungwa vema, hadi siku gamba lake litakapochubuka. Siku hiyo, mahali unapopita waya huo huwa ni muhimu kuliko vyote, na katika pikipiki nyingi waya utokao kwenye betri kwenda kwenye usukani hupita chini ya tangi la petroli.

MKONDO WA MAJI NA MKONDO WA UMEME

Lugha ya Kiswahili hutumia neno moja, mkondo, kwa maji yatembeayo na kwa umeme utembeao, na mfano huo unafaa kufuatwa. Mwinuko ambao maji huteremkia ni kama volti, yaani msukumo. Kiasi cha maji kinachopita kwa muda fulani ni kama ampea. Wembamba na urefu wa mfereji, ambavyo huyapunguzia maji mwendo, ni kama ukinzani wa waya, ambao hupimwa kwa omu. Volti zikizidishwa kwa ampea hupatikana wati, ambazo ni kipimo cha kazi inayofanyika katika kila sekunde.

Hata hivyo, mfano huo una mipaka miwili ambayo ni lazima ikumbukwe. Kwanza, maji yakimaliza kazi yake shambani hupotelea ardhini, lakini umeme hauna budi kurudi ulikotoka. Katika pikipiki nyingi njia ya kurudia ni fremu yenyewe, kwa kuwa ncha hasi ya betri imeunganishwa na chuma chake. Maana yake ni kwamba waya wa chanya ukichubuka na kugusa chuma chochote, iwe fremu, injini au usukani, umeme hupata njia fupi ya kurudi bila kupitia kwenye chombo chochote cha kuupunguza. Hiyo ndiyo inayoitwa shoti. Pili, maji yakizidi hufurika na kuonekana. Umeme ukizidi haufuriki, bali hugeuka joto ndani ya waya wenyewe.

HAZINA ILIYOMO NDANI YA BETRI

Betri ya kawaida ya pikipiki ni ya risasi na asidi, aina iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ndani yake mna seli sita, kila moja ikitoa volti 2 na kidogo, na jumla yake ni kama volti 12.6 hadi 12.8 betri inapokuwa imejaa na kutulia. Injini inapowaka, sumaku huzunguka kando ya koili na kuzalisha umeme, kwa kanuni iliyogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831. Umeme huo hupitia kwenye rektifaya, kifaa kinachouelekeza upande mmoja na kuuzuia usivuke kiwango, kisha huingia kwenye betri ukiwa na volti kati ya 13.5 na 14.5.

Ukubwa wa hazina hupimwa kwa ampea-saa. Betri za pikipiki ndogo za biashara huwa na uwezo wa ampea-saa chache tu, mathalani 5. Ampea-saa 5 zikizidishwa kwa volti 12 ni wati-saa 60. Lakini betri ya risasi haipendi kukamuliwa hadi tone la mwisho. Ikiachwa tupu kwa siku nyingi, bamba zake hufunikwa na chumvi ngumu ya risasi ambayo haiondoki kwa kuchaji, na uwezo wake hupungua milele. Mwenye busara hutumia nusu tu, yaani wati-saa 30.

Je, wati-saa 30 zinatosha nini, injini ikiwa imezimwa? Simu ndogo ya vitufe yenye betri ya miliampea-saa 1,000 hushika karibu wati-saa 4 tu. Ukiongeza upotevu wa njiani, nusu ya hazina ya pikipiki inaweza kujaza simu kama hizo tano au sita. Lakini simu kubwa ya kisasa, yenye betri ya miliampea-saa 5,000, hushika karibu wati-saa 19. Ukiongeza upotevu, simu moja ya namna hiyo hula zaidi ya wati-saa 22, ambazo ni robo tatu ya akiba yote inayoruhusiwa. Kwa sababu hiyo kanuni ya kwanza ni nyepesi kukumbuka: simu ichajiwe injini inapowaka na pikipiki inatembea. Wakati huo mzigo hubebwa na koili, na betri hubaki kuwa ghala. Injini inapowaka bila mwendo, koili hutoa umeme kidogo, na pengine hautoshelezi taa kubwa na simu kwa pamoja.

JOTO LA SEKUNDE MOJA

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa betri ni ndogo kiasi hicho, hatari inatoka wapi? Volti 12 hazimrushi mtu, na mkono mkavu ukizigusa hauhisi kitu.

Jibu ni kwamba hazina ndogo si sawa na mkondo mdogo. Pipa la maji ni dogo, lakini likipinduliwa humwaga maji yote kwa mara moja. Ukinzani uliomo ndani ya betri ya risasi ni mdogo mno, sehemu chache tu za mia za omu moja. Kwa sababu hiyo, hata betri ndogo ya pikipiki ikipigwa shoti huweza kutoa zaidi ya ampea 100 kwa muda mfupi.

Na ufikiriwe waya mwembamba wa shaba, wa aina inayouzwa kwa ajili ya spika, wenye eneo la nusu milimita ya mraba. Mita moja ya waya huo ina ukinzani wa omu 0.034 hivi. Joto linalozalishwa hupatikana kwa kuzidisha mkondo kwa mkondo, kisha kwa ukinzani: 100 mara 100 mara 0.034, ambazo ni wati 340. Hiyo ni kama theluthi ya joto la pasi ya umeme ya wati 1,000, lakini hapa joto hilo limo katika uzi wa shaba mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Mita moja ya uzi huo ina uzito wa gramu 4.5 tu. Kwa uzito huo, joto hilo hupandisha hali ya shaba kwa karibu nyuzi 200 za sentigredi kwa kila sekunde. Gamba la kawaida la plastiki la waya limetengenezwa kustahimili nyuzi 70 hivi. Katika sekunde moja tu plastiki huyeyuka, hudondoka, na shaba ikiwa na joto kali hubaki wazi chini ya tangi.

Jambo la kutisha zaidi ni hili. Waya uliofungwa moja kwa moja kwenye ncha ya betri haupiti kwenye swichi ya ufunguo. Dereva akiona moshi na kuzima ufunguo, injini itazimika, lakini waya utaendelea kuwaka.

FYUZI NA MAHALI PAKE

Dawa ya hatari hiyo imejulikana kwa zaidi ya karne moja, na bei yake ni ndogo. Fyuzi ni kipande cha madini kilichofanywa makusudi kiwe dhaifu kuliko sehemu nyingine zote za njia ya umeme. Mkondo ukizidi, chenyewe huyeyuka kwanza na kukata njia.

Wengi hudhani kwamba fyuzi huwekwa ili kuilinda simu. Sivyo. Simu hulindwa na kifaa kinachoshusha volti, ambacho kitaelezwa hapa chini. Fyuzi hulinda waya. Ikieleweka hivyo, swali la mahali pa kuiweka hujijibu lenyewe. Fyuzi iliyowekwa mwishoni, karibu na tundu la USB, hailindi sehemu yoyote ya waya iliyo nyuma yake. Shoti ikitokea katikati ya safari, chini ya tangi, mkondo utapita kutoka kwenye betri hadi kwenye fremu bila kuiona fyuzi hiyo kamwe. Ni sawa na mtu aliyejenga lango la maji mwisho wa mfereji ilhali kingo zimebomoka juu. Fyuzi ikae mwanzo wa waya, kwenye upande wa chanya, kwa umbali usiozidi shibiri moja kutoka mahali umeme unapochukuliwa.

Pikipiki nyingi zina fyuzi yake kuu, ya ampea 10, 15 au 20 kwa kadiri ya aina. Fyuzi hiyo ilikadiriwa kwa ajili ya nyaya za kiwandani. Haikukadiriwa kwa ajili ya waya mwembamba ulioongezwa baadaye. Waya mpya ni mfereji mpya, na kila mfereji una lango lake.

Ukubwa wa fyuzi hukadiriwa kwa hesabu fupi. Tundu moja la USB linalotoa volti 5 na ampea 2 hutoa wati 10. Kwa kuwa kifaa hupoteza kiasi fulani njiani, hula kama wati 12 kutoka kwenye betri, yaani ampea 1 kwa volti 12. Fyuzi ya ampea 2 inafaa. Kwa matundu mawili ya namna hiyo, fyuzi ya ampea 3 inatosha. Waya uwe na eneo la milimita ya mraba 0.75 au 1, ili uwe na nguvu zaidi ya fyuzi kwa mbali. Utaratibu ni huo daima: chombo kile kidogo kuliko fyuzi, na fyuzi iwe ndogo kuliko uwezo wa waya.

Hapana budi kutaja hapa desturi mbaya iliyoenea, ya kufunga uzi wa shaba au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi iliyoungua. Uzi mmoja wa shaba wenye unene wa robo ya milimita hauyeyuki hadi mkondo ufike karibu ampea 10. Nyuzi tatu zikisokotwa pamoja hustahimili mara tatu yake. Aliyefanya hivyo ameliondoa lango na kuweka gogo. Fyuzi inapoungua imefanya kazi yake, na inamwambia mwenye chombo kwamba kuna mahali pamechubuka. Kuweka nyingine kubwa zaidi bila kutafuta chanzo ni kumnyamazisha mlinzi aliyepiga kelele.

KUSHUSHA VOLTI 12 HADI 5

Simu huchajiwa kwa volti 5, kipimo kilichowekwa na mfumo wa USB ulioanza kutumiwa mwaka 1996. Simu mpya huweza kupokea volti zaidi kwa ajili ya kuchaji haraka, lakini baada tu ya kukubaliana na chaja yake kwa ishara za ndani. Kuunganisha simu na volti 12 moja kwa moja, au kwa kupitisha umeme katika kizuizi cha kubahatisha, ni kucheza na moto. Seli ya lithiamu iliyomo ndani ya simu hujaa inapofika volti 4.2 au zaidi kidogo. Ikilazimishwa kupita hapo huvimba, na huweza kuwaka moto ambao maji machache hayauzimi.

Vishusha volti viko vya namna mbili. Vile vya kizamani huzichoma volti za ziada ziwe joto. Volti zikiwa 14 upande mmoja na 5 upande wa pili, mkondo wa ampea 1 huacha wati 9 za joto ili kupata wati 5 za kazi. Ndiyo sababu kidude hicho huwa hakishikiki kwa mkono. Vile vya kisasa hufungua na kufunga njia ya umeme mara maelfu mengi kwa sekunde, na huokoa zaidi ya asilimia 80 ya umeme unaoingia. Anayenunua achague cha namna ya pili, chenye maandishi yanayoonyesha kwamba hupokea volti 12 hadi 24, na chenye kifuniko cha mpira cha kuzuia maji na vumbi. Upana huo wa volti ni muhimu, kwa kuwa umeme wa pikipiki hautulii. Hupanda na kushuka kila injini inapoongezewa au kupunguziwa moto.

KAZI YENYEWE

Kabla ya kugusa kitu, fundi apime betri kwa mita. Injini ikiwa imezimwa, mita isome volti 12.4 au zaidi. Injini ikiwaka na kuongezwa moto, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikivuka 15, rektifaya ina ubovu, na hakuna chombo kinachopaswa kuunganishwa hadi itengenezwe. Pikipiki kuukuu za volti 6 hazihusiki na maelezo haya. Hali kadhalika pikipiki za umeme zilizoanza kuonekana katika miji ya Afrika Mashariki hazihusiki, kwa kuwa betri zake kuu huwa na volti nyingi zaidi, na mafundi wake ni wengine.

Kisha kazi ifuate utaratibu huu.

Kwanza, ufunguo uzimwe na ncha hasi ya betri ifunguliwe kabla ya ncha chanya. Sababu yake ni kwamba spana inayofungua chanya ikiteleza na kugusa fremu wakati hasi bado imefungwa, shoti hutokea mkononi mwa fundi. Hasi ikiwa imekwisha kutolewa, fremu haina tena uhusiano na betri. Wakati wa kufunga, utaratibu hugeuzwa: chanya kwanza, hasi mwisho. Sigara na moto viwe mbali, kwa maana betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka hata ikiwa sehemu 4 tu katika 100 za hewa.

Pili, uamuliwe mahali pa kuchukulia umeme. Tundu la USB lililofungwa moja kwa moja kwenye betri hula kidogo hata lisipokuwa na simu. Kama linakula miliampea 15, kwa siku ni ampea-saa 0.36, na kwa wiki moja ni ampea-saa 2.5, ambazo ni nusu ya betri ya ampea-saa 5. Mwenye pikipiki aliyeugua malaria kwa siku kumi ataikuta betri yake imekwisha bila mwizi kuingia. Kwa hiyo ni afadhali kuchukua umeme kwenye waya ambao hupata uhai ufunguo unapowashwa. Rangi za nyaya hutofautiana kwa kila kampuni, na kwa sababu hiyo waya huo utafutwe kwa mita, wala usikisiwe kwa rangi. Waya wa taa kubwa usiguswe. Katika pikipiki kadhaa taa hiyo hupata umeme kutoka kwenye koili moja kwa moja, na umeme huo hubadili upande na kupanda ovyo.

Tatu, kishikio cha fyuzi kiungwe palepale umeme unapochukuliwa, na fyuzi yenyewe isitiwe bado.

Nne, waya upitishwe kando ya nyaya za kiwandani, mbali na bomba la moshi na mbali na ncha kali za chuma. Usukani ugeuzwe kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho, ili ionekane kwamba waya haunyooki kupita kiasi wala haubanwi. Kila mahali unapopenya kwenye chuma uvalishwe mpira. Njia za milimani zina mtikisiko mwingi, na mtikisiko ni msumeno usiochoka. Maungio ya kusokota kwa vidole na kuzungushia tepu hulegea, na tepu huachia kwa jua. Maungio yabanwe kwa viungio vya chuma au yalehemiwe vema, kisha yavalishwe mpira, na waya ufungwe kwenye fremu ili maungio yasibebe uzito.

Tano, waya wa hasi urudishwe kwenye ncha hasi ya betri, au kwenye boliti ya fremu iliyokwanguliwa rangi hadi chuma kionekane.

Sita, ncha za betri zikisharudishwa, kazi ijaribiwe kabla ya fyuzi kutiwa. Taa ndogo ya indiketa iunganishwe kwa muda katika nafasi ya fyuzi, na ufunguo uwashwe pasipo simu. Taa ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti mahali fulani, na taa imeibeba bila madhara kwa kuwa inaupunguza mkondo. Ikimulika mara moja na kufifia, au isipowaka kabisa, njia ni salama. Hapo fyuzi itiwe, na usukani ujaribiwe tena kulia na kushoto.

Baada ya hapo lililobaki ni kiasi. Tundu la simu lisigeuzwe kuwa mtambo wa kijiji. Wako wanaofunga kigeuzi cha kupandisha volti 12 hadi 230 ili kuwasha televisheni. Televisheni ya wati 60 na kigeuzi chake hula karibu ampea 6, na nusu ya betri ya ampea-saa 5 haiwezi kubeba mzigo huo hata kwa nusu saa. Kazi hiyo ni ya paneli ya jua na betri yake. Tena simu ikiwa usukanini, macho yabaki barabarani. Hakuna fyuzi inayomlinda dereva anayesoma ujumbe kwenye kona.

Betri nayo ikifika mwisho wa maisha yake isipasuliwe ili kutoa risasi ya kutengenezea vyuzio vya nyavu. Risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu kiliwaachia wakazi madhara mazito, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Betri kuukuu irudishwe nzima kwa muuzaji anayezikusanya.

NI NANI ATAKAYEITWA USIKU

Pengine mtu atasema kwamba haya yote ni marefu mno kwa ajili ya waya wa mita moja na simu moja. Lakini katika vijiji vingi vya Tanzania pikipiki ndiyo gari la wagonjwa. Mama anaposhikwa na uchungu usiku wa manane, yule anayepigiwa simu ni mwendesha pikipiki, na mambo mawili hutazamiwa kwake: simu yake iwe hai, na taa ya pikipiki yake imulike njia hadi zahanati. Waya uliofungwa ovyo huweza kumpa la kwanza na kumnyang'anya la pili. Betri iliyokamuliwa na tundu la USB haizungushi stata na taa zake hufifia. Na waya usio na fyuzi, ukichubuka katika safari hiyo, huwaka chini ya petroli watu wawili wakiwa juu yake.

Waya uliofungwa vema humpa yote mawili. Gharama yake ni fyuzi moja, kishikio chake, mita moja ya waya mnene kidogo, na nusu saa ya fundi asiye na haraka. Mkulima wa Lumuma haruhusu mfereji mpya uchimbwe bila lango, hata kama ni mfereji wa kumwagilia tuta moja la miche. Na lango hulijenga juu, kwenye maji, kabla ya kufungua tone la kwanza.